HTML ya Ngapi? Kwa Wanaoanza Kutengeneza Kurasa, Unguja na Pemba

Vijana wanaokuja kwangu jioni hapa Wete kujifunza kutengeneza tovuti, karibu wote huanza na swali moja kuhusu HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti: "Maalim, tusome HTML ya ngapi?" Mmoja amesikia kuwa ya 4 imeshakufa. Mwengine ana fotokopi za skuli zinazosema XHTML ndiyo mpya, zimepita mikono mingi mpaka pembe zimejikunja. Wa tatu ameona video inayotangaza HTML 6, na sasa anaogopa kuanza leo asije akaambiwa kesho kwamba alichosoma kimepitwa na wakati.

Swali lao ni la haki. Kwenye simu kila kitu kina namba, kila programu inadai kusasishwa, na mtu mwenye bando la kubana hataki limalizikie kwenye somo bovu. Jibu langu ni kwamba HTML ya leo haina namba. HTML 6 haipo. Kuna HTML moja tu, inayoongezwa na kurekebishwa mwaka mzima, na anayeanza leo anaisoma hiyohiyo wanayoisoma wenzake Nairobi, Mumbai na London.

Lakini jibu hilo pekee halimtoshi mwenye fotokopi mkononi. Karatasi zake ziliandikwa zama za namba, na jambo linalomchanganya zaidi ni kwamba akiyaandika yaliyomo humo, ukurasa unafunguka vizuri tu. Bila kujua tumefikaje hapa, hatoweza kutofautisha somo lililo hai na lililochakaa.

Aliyeibuni HTML ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho nje kidogo ya mji wa Geneva. Waraka wake wa 1991 ulieleza tagi 18, yaani alama zinazoiambia brauza, programu ya kufungulia tovuti, kila kipande cha ukurasa ni nini. Tagi ya p kwa ajili ya aya, ya a kwa ajili ya linki, na vichwa vya habari kuanzia h1 hadi h6 zote zilikuwamo, na zote tunaziandika mpaka leo. Picha hazikuwamo; hizo zilikuja 1993 na brauza ya Mosaic. Mwaka huohuo, tarehe 30 Aprili, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hii ya kurasa ni mali ya watu wote, mtu yeyote aitumie bila malipo. Napenda kuwatajia vijana tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo inayomruhusu kijana wa Micheweni kutengeneza ukurasa bila kuomba ruhusa ya mtu wala kununua leseni.

Namba zilianza Novemba 1995 kwa HTML 2.0. Januari 1997 ikaja 3.2, ambayo kwa kiasi kikubwa ilihalalisha yale ambayo kampuni za brauza zilikuwa zimeshayaingiza zenyewe katika kushindana: tagi ya font ya kupaka maandishi rangi na kuyakuza, na tagi ya center ya kuyaweka katikati. Desemba ya mwaka huohuo ikatoka HTML 4.0, na hiyo tayari ilishauri font na center ziachwe, kwani mambo ya sura ya ukurasa yalikuwa yamepata lugha yake, CSS, iliyoidhinishwa Desemba 1996. Kwa hivyo mtu anayefundishwa tagi ya font leo anafundishwa kitu ambacho wenyewe walishasema kiachwe tangu 1997. HTML 4.01 ikafuata Desemba 1999, na hapo ndipo njia zilipogawanyika.

Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya mtandao, liliona kwamba watu wanaandika HTML ovyo. Tagi zinafunguliwa hazifungwi, herufi kubwa na ndogo zinachanganywa, na brauza zinasamehe yote. Januari 2000 likatoa XHTML 1.0, ambayo ni HTML ileile iliyotiwa nidhamu ya XML, lugha nyengine ya tagi yenye sheria kali: kila tagi ifungwe, majina ya tagi yawe kwa herufi ndogo, kila thamani iwe ndani ya alama za nukuu. Nia ilikuwa njema. Lakini katika XML kosa moja linasimamisha kila kitu. Ukurasa ukitumwa kama XML halisi, kisha ukasahau kufunga tagi moja tu kwenye maoni ya msomaji mmoja, mgeni anakutana na ujumbe wa kosa badala ya makala. Watu wakaandika XHTML kwa jina, huku seva zao zikiendelea kuituma kama HTML ya kawaida, na brauza zikaendelea kusamehe kama zamani. Wakati huohuo W3C ilikuwa ikiandaa XHTML 2, ambayo isingelingana hata na kurasa zilizokuwepo tayari.

Juni 2004, watu wa Apple, Mozilla na Opera walianzisha kundi lao, WHATWG, ili kuiendeleza HTML yenyewe kwa ajili ya kurasa zilizopo na kazi ambazo watu walikuwa wanataka kuzifanya. Kundi hilo ndilo chimbuko la HTML5. Ukimuuliza mtu HTML5 ilileta nini atakutajia video, sauti, na tagi za header, nav, main, article na footer. Ni kweli, lakini kwangu jambo kubwa zaidi ni lile lisiloonekana. Waliandika, hatua kwa hatua, namna brauza inavyotakiwa kusoma hata HTML yenye makosa. Kabla ya hapo kila brauza ilibahatisha kwa akili yake, na ukurasa uliosahauliwa tagi moja ungeweza kuonekana hivi kwenye brauza moja na vile kwenye nyengine. Sasa makosa yako yanasomwa namna moja kila mahali, na sisi tunaofundisha watu wanaojaribu kwa simu za kila aina tunaiona faida yake kila siku.

XHTML 2 ilisimamishwa 2009. Januari 2011 WHATWG ikatangaza kwamba inaacha namba, kazi yake itaitwa HTML tu. W3C ilibaki na namba zake kwa muda: HTML5 ikaidhinishwa rasmi tarehe 28 Oktoba 2014, ikafuata 5.1 mwaka 2016 na 5.2 mwaka 2017. Kwa miaka hiyo kulikuwa na nyaraka mbili za HTML zilizofanana lakini si sawasawa, hali iliyomsumbua kila aliyetaka kujua lipi ni lipi. Mei 2019 mashirika hayo mawili yakakubaliana: kiwango ni kimoja, kinatunzwa na WHATWG, na kinaitwa kiwango kilicho hai. Ni kama nyumba ya ukoo inayoongezwa chumba huku watu wakiishi ndani. Hakuna siku ya kuhamia nyumba mpya.

Nitatoa mfano wa chumba kimoja kilichoongezwa, kwa sababu kinagusa mifuko yetu. Kuna sifa ya tagi ya picha inayoandikwa loading="lazy". Ukiitia, brauza haipakui picha iliyo chini kabisa ya ukurasa mpaka msomaji akaribie kuifikia. Asiyeshuka mpaka chini bando lake halikuguswa. Chrome ilianza kuielewa 2019, Firefox 2020, Safari ya Apple 2022. Je, hii ni HTML5? Katika HTML5 ya 2014 haimo. Wala hakuna namba nyengine iliyoibeba. Kijana anayesoma kwa kufuata namba hatoipata kamwe, ilhali kwa kurasa zinazosomwa Pemba kwa vocha ya siku moja, haina mfano wake.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wabadilishe swali. Badala ya kuuliza kitu fulani ni cha HTML ya ngapi, waulize kama kinafanya kazi kwenye brauza ambazo watu wao wanazo. Swali hilo lina majibu ya wazi siku hizi. Tovuti ya Can I Use inaonyesha, kwa kila kipengele, brauza gani inakielewa na tangu lini. Na kwenye kurasa za MDN, kumbukumbu ya mtandaoni nitakayoieleza chini, kuna alama iitwayo Baseline, inayokuambia kama kipengele ndiyo kwanza kimeingia kwenye brauza zote kubwa au kimeshaenea. Ili kihesabiwe kimeenea lazima ipite miezi 30 tangu kilipokamilika kwenye brauza zote hizo. Kwa kazi ya mteja mwenye wageni wa simu kuukuu, mimi natumia kilichoenea. Kwa mazoezi, jaribu chochote.

Sasa turudi kwenye vifaa vya kujifunzia, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Somo lolote, la karatasi au la video, unaweza kulipima kwa dakika chache kabla hujalipa muda wako. Tazama mstari wa kwanza wa mfano wao. Leo unaandikwa hivi, na haubadiliki:

<!DOCTYPE html>

Kama mstari huo ni mrefu, una maneno XHTML 1.0 Transitional na anwani ya W3C ndani yake, somo hilo ni la zama za 2000. Haimaanishi kila kilichomo ni uongo. Aya bado ni aya. Lakini ujue unasoma nini. Kama mstari haupo kabisa, ni vibaya zaidi, kwa sababu brauza ikiukosa inaamua kuwa ukurasa ni wa kale na inaupanga kwa kanuni za miaka ya tisini. Kijana anaandika CSS yake sawasawa, vipimo vinamkataa, na hajui kuwa tatizo liko juu kabisa ya faili. Kisha tazama wanavyopanga ukurasa. Wakitumia jedwali ili kuweka menyu kushoto na habari kulia, funga. Wakikufundisha kutumia tagi ya b, ya kukoza maandishi, na kuyakuza ili kupata kichwa cha habari badala ya h2, funga pia.

Hilo la mwisho si suala la urembo. Jirani yangu mmoja ana jamaa mwenye nyumba ya wageni upande wa mashariki ya Unguja, akaniomba niangalie kwa nini wageni wanalalamika kuwa tovuti haisomeki. Nikaifungua kwenye simu: maandishi madogo kama punje za ufuta, lazima uyavute kwa vidole viwili na kuyasukuma kushoto na kulia. Nikatazama msimbo wake. Juu kulikuwa na ule mstari mrefu wa XHTML, na chini yake jedwali ndani ya jedwali. Mstari wa meta wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake halisi, haukuwepo. Kichwa "Bei za vyumba" kilikuwa ndani ya tagi ya font yenye ukubwa wa 5. Na bei zenyewe zilikuwa picha, karatasi iliyopigwa kamera na kubandikwa, bila maandishi ya alt, yale yanayoieleza picha kwa maneno.

Fikiria mgeni gani anayekosa bei hizo. Asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, hawezi kurukia kichwa cha bei kwa sababu kwa programu ile si kichwa, ni maandishi makubwa tu. Akifika kwenye picha anasikia jina la faili au hasikii kitu. Mtaliana anayetegemea brauza imtafsirie ukurasa anaona picha ileile. Mwenye mtandao dhaifu anasubiri picha nzito badala ya mistari michache ya maandishi. Tukaziandika bei kama jedwali, maana pale ndipo mahali halali pa jedwali: aina za vyumba kwenye safu, misimu kwenye nguzo. Tukaweka h2, tukaongeza viewport, tukatoa yale majedwali ya kupangia. Ukurasa wote mpya ulitumia tagi chache kuliko wa zamani.

Jambo jengine ambalo masomo ya nje hayatakufundisha, kwa sababu haliwakeri wao, ni Kiswahili chenyewe. Violezo vingi tunavyopakua vinaanza na tagi ya html iliyoandikwa lang="en". Tunafuta Kiingereza chao, tunabandika Kiswahili chetu, na ile en inabaki. Matokeo yake ni kwamba programu ya kusoma skrini inayachukua maneno ya Kiswahili na kuyatamka kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Andika lang="sw". Ni herufi mbili. Na kama ndani ya makala umenukuu aya ya Kiarabu, itie kwenye tagi yake yenye lang="ar" na dir="rtl" ili isomwe kutoka kulia. Wanaotengeneza kurasa za madrasa walishike hili khasa.

Halafu kuna ng'. Umewahi kuona kwenye tovuti neno limeandikwa ngâ€™ombe? Hapo mwandishi aliandika kwenye Word, Word ikabadilisha alama yake ya juu ikawa ile iliyopinda, faili likahifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumika siku hizi, na ukurasa haukusema kuwa ni UTF-8. Brauza ikakisia usimbaji wa zamani, na alama moja ikatoka vipande vitatu. Dawa ni mstari mmoja wa meta unaosema charset="utf-8", ukae juu kabisa ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya faili isiyoonekana kwenye ukurasa, kabla ya kichwa cha ukurasa. Katika lugha inayoandika ng'ambo, ng'aa na king'ora, mstari huo ni wa lazima.

Wapi basi pa kusomea? Kwangu mimi kituo cha kwanza ni MDN, kumbukumbu iliyoanzishwa na Mozilla 2005, na ambayo tangu 2017 Google, Microsoft na W3C nazo wanashirikiana nayo. Ina njia ya wanaoanza, na ina ukurasa wa kila tagi wenye mfano, makosa ya kawaida na ile alama ya Baseline. Inasahihishwa kila mara. Kasoro yake kwetu ni lugha, Kiswahili hakimo. Lakini Kiingereza chake ni cha kueleweka kwa aliyemaliza fomu foo, na mifano inajieleza yenyewe.

W3Schools ndiyo wengi wanaanza nayo, kwa kuwa Google huitanguliza. Sina ugomvi nayo. Sehemu yake ya kujaribia msimbo palepale ni nzuri kwa asiye na kompyuta yake. Ila jina lake linawadanganya watu. Haina uhusiano na W3C, na si sauti ya wenye kiwango. Itumie kwa kukumbuka haraka, ukitaka kuelewa kwa nini nenda MDN. Kwa anayependa kufundishwa kwa mazoezi yenye kusahihishwa papo hapo, freeCodeCamp ni ya bure tangu mwanzo hadi mwisho, na web.dev ya Google ina kozi fupi ya HTML iliyoandikwa kwa makini.

Kwa watu wa bando la kubana nawashauri DevDocs. Unaifungua siku una mtandao, labda chuoni au kwa rafiki mwenye waifai, unachagua HTML na CSS, unazihifadhi, na baada ya hapo unazisoma bila intaneti hata kidogo. Yaliyomo yanatoka MDN. Kwa kijana anayekaa Kojani au Fundo hiyo ni tofauti kati ya kusoma kila usiku na kusoma akienda mjini.

Kiwango chenyewe cha WHATWG pia kisomeke. Ni kirefu na kimeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wa brauza, lakini kina toleo la watengenezaji wa tovuti lililoondolewa mambo ya ndani ya brauza. Usikisome mfululizo. Kifungue watu wawili wanapobishana kama tagi fulani inaruhusiwa ndani ya nyengine, maana hapo ndipo ubishi unapokatwa. Na kila kazi yako ipitishe kwenye kikaguzi cha W3C, validator.w3.org. Kinakuonyesha mstari na kosa, bila kukukasirikia, na kitakukumbusha kuhusu lang na alt kuliko mwalimu yeyote.

Wenye simu tu msikate tamaa. Kwenye Chrome ya Android, ukiandika view-source: mbele ya anwani ya ukurasa wowote, unaona HTML yake yote. Fungua hivyo gazeti unalolisoma, tovuti ya chuo, tovuti ya boti. Tazama mstari wa kwanza, tazama lang, hesabu vichwa vya h2. Utagundua mambo, na mengine yatakushangaza.

Kwa Kiswahili, vijana wa Bara na wa hapa wanafundisha YouTube, na wapo wanaofundisha vizuri sana. Pima kwa kipimo kilekile cha mstari wa kwanza, na angalia tarehe ya video. Wanaofundisha skuli na vyuo, ombi langu ni moja: kabla hamjatoa fotokopi tena, andikeni mwaka juu ya karatasi, na pale penye font na center pigeni mstari. Anayetaka, anipelekee noti zake nizipitie naye; mimi nipo Wete, na jioni baada ya Alasiri huwa nina nafasi.